Njaa ya Koleta

Wakati wa komunyo Koleta hubaki kwenye benchi. Waumini wa parokia yao, huko Tabata, walishazoea. Wanaotoka kwenda mbele hupita wakimgusagusa, naye husogeza magoti pembeni bila kufumbua macho. Wengine wanaobaki hutazama simu au matangazo ukutani. Koleta husikiliza tu viatu vya watu vikienda na kurudi. Alianza kusikiliza hivyo nywele zake zikiwa nyeusi ti, na sasa mvi zimemjaa.

Sababu yake ilijulikana mtaa mzima. Alifunga ndoa kanisani kwao Kiziba, binti mbichi, na kijana mmoja mcheshi aliyeitwa Cyprian. Wakashuka Dar es Salaam pamoja. Maisha yalipowabana, Cyprian akaenda Geita kutafuta dhahabu, akaahidi kurudi Pasaka. Pasaka ikaja ikapita, na nyingine ikafuata. Kisha habari zikafika kwamba huko ana mwanamke na watoto. Koleta alingoja mpaka kungoja kwenyewe kukawa aibu. Ndipo alipokutana na Ferdinand, seremala aliyefiwa na mke akaachiwa binti mchanga, Veneranda. Koleta akamchukua yule mtoto mgongoni, na kabla mtoto hajajua kutembea vizuri, watu wakawa wanamwita Mama Vene.

Kanisa halikumfukuza. Lilimweleza ukweli wake tu: ndoa ni mpaka kifo, Cyprian yu hai, na anayeishi na mwingine hapokei komunyo. Alipeleka shauri lake kwenye mahakama ya kanisa jimboni, wakalichunguza, wakaona ndoa ile ilikuwa halali. Hakubisha. Hapo ndipo wengi waliposhindwa kumwelewa. Wapo waliomshauri ahamie kanisa lingine ambako hakuna anayeuliza ulitoka na nani na unaishi na nani. Akawajibu kwamba alitamka kiapo kile kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa na akili zake, na hawezi kukifanya kisiwe kiapo kwa sababu kimemuuma.

Palikuwa na njia moja, na Padri Polikarpo, paroko wao, alimweleza mapema. Kama yeye na Ferdinand wangeahidi kuishi kama kaka na dada, angeweza kuungama na kurudi kwenye meza ya Bwana. Koleta alimfikishia Ferdinand maneno hayo. Wakati huo wote wawili damu ilikuwa bado inachemka. Ferdinand alicheka, halafu akaona mwenzake hacheki, akasema kwa upole kwamba yeye ni fundi wa vitanda, si mtawa. Wakayaacha hapo, wala hayakuzungumzwa tena.

Basi Koleta akaishi na njaa yake. Alfajiri alikwenda soko la Mabibo kuchukua mikungu ya ndizi, mchana aliuza kwenye genge lake karibu na duka la jirani yake Wahiba, jioni alipika. Jumamosi alifua vitambaa vya altare. Masista walimpa kazi hiyo kwa kuwa mikono yake ilikuwa safi na hakuwa na maneno. Maji ya kwanza ya vitambaa vile hayamwagwi mtaroni, maana huenda yana chembe ya mwili wa Bwana. Koleta aliyamwaga taratibu kwenye shina la waridi uani, na mara nyingine alilionea wivu waridi lile. Alimwambia hivyo Padri Polikarpo siku moja, kwa utani. Padri hakucheka. Alikaa naye kwenye ngazi za sakristia mpaka vitambaa vikakauka, na wala hakumwambia kwamba sheria ni nyepesi kuliko ilivyo.

Cyprian alirudi kwa bajaji. Mpwa wake alimshusha kwenye benchi la duka la Wahiba, akaaga kwamba anakwenda kutafuta maji ya kunywa, na hakuonekana tena. Wahiba akaja gengeni mwenyewe, mtandio umemwanguka mabegani, akasema pale dukani kuna mzee anamwulizia, mdomo umekwenda upande, na neno analolitamka likaeleweka ni moja tu, jina lake.

Koleta alimtambua kwa umbo la masikio yake, maana uso ulishapotea. Kiharusi kilikuwa kimeua upande wote wa kulia. Yule mwanamke wa Geita alishakufa, watoto walishatawanyika, na ndugu walikuwa wamemrusha kama mpira kutoka nyumba hadi nyumba. Koleta akasimama mbele yake akitafuta hasira aliyoitunza miaka yote ile. Aliikuta, lakini ilikuwa hasira juu ya kijana mcheshi wa Kiziba, na kijana yule hakuwepo pale.

Akaenda karakana. Ferdinand alikuwa akipiga msasa ubao wa kichwani wa kitanda. Alimsikiliza hadi mwisho, akapuliza vumbi kwenye ubao.

“Ana pa kulala?” akauliza.

“Hana.”

Alasiri Ferdinand alikuja nyumbani na kitanda kidogo mabegani, akakiunganisha katika chumba alimolelewa Veneranda, ambaye siku hizi ameolewa Morogoro. Kisha akaenda dukani kwa Wahiba, akamwinamia yule mgonjwa, akamwambia, “Shika shingo yangu, kaka,” akambeba.

Maneno yakatapakaa. Mwanamke ana waume wawili chini ya bati moja. Mwenyekiti wa jumuiya akaja na wenzake wawili, wakakaa kitako kwenye makochi, wakazungumza kwa mafumbo juu ya mfano mbaya kwa vijana. Koleta aliwapa chai. Walipomaliza, akawaomba radhi kwa kuwa ilikuwa saa ya kumgeuza mgonjwa, na kama kuna anayeweza kumsaidia kushika shuka atashukuru. Mmoja wao aliinuka akaingia naye chumbani. Alipotoka, alichukua mkoba wake, akawaambia wenzake waondoke.

Wahiba ndiye aliyeuliza wazi. Alikuwa akipima unga wa lishe dukani kwake, wako wawili tu.

“Mama Vene, mie ya kwenu siyajui vizuri. Nilikuwaga nasikia tu. Huyu akifa, wewe si ndo unafunga ndoa na Baba Vene, unarudi kula hicho chakula chenu?”

“Ndivyo.”

“Na anayemlisha ni wewe.”

“Ni mimi.”

Wahiba aliuangalia unga kwenye mizani. Akatia tende konzi moja kwenye mfuko, akasema azilainishe kwenye uji, zinatia nguvu.

Na kweli Cyprian akapata nguvu. Hilo ndilo lililomtesa Koleta zaidi ya maneno ya watu. Kila asubuhi alipoingiza kijiko kwenye kile kinywa kilichopinda, alijua anachokifanya. Alikuwa akijifungia mlango kwa mkono wake, na mlango wenyewe ndio aliokuwa akiutazama tangu ujana. Hakumwombea afe. Lakini alijikuta hawezi kumwombea apone, na sala zake zikawa zinafika jina la Cyprian zinakwama.

Asubuhi moja uji ukampalia. Macho yakamtoka, uso ukawa wa kijivu, mkono ulio mzima ukawa unapapasa hewani. Koleta alikuwa ameshika bakuli. Akasimama. Hakujua alisimama muda gani. Pengine ni kufumba na kufumbua tu, lakini ndani ya kule kufumba na kufumbua alijiona amevaa kitenge kipya, anatembea kwenda mbele kwenye mstari, Ferdinand nyuma yake. Kisha bakuli likamponyoka, akamgeuza Cyprian ubavu, akampiga mgongoni mpaka uji ukatoka na pumzi ikarudi.

Siku hiyo hakufungua genge. Alimkuta Padri Polikarpo ofisini, akakaa bila kusubiri kuambiwa.

“Baba, nilisimama,” alisema, na akamweleza.

“Halafu?”

“Halafu nikamgeuza.”

“Mungu aliyekuona umesimama ndiye aliyekuona unamgeuza,” Padri akasema. “Nenda ukapumzike. Kesho nitakuja kumwona.”

Alikuja, na akaja tena. Cyprian akaungama, mlango umefungwa, na ungamo lile lilichukua asubuhi nzima kwa kuwa kila neno alilivuta kama ndoo kutoka kisimani. Alipomaliza aliomba Koleta aingie, na akamwambia kwa ulimi wake mzito kwamba ile Pasaka alifika hadi stendi ya Mwanza, tikiti mkononi, akaona haya kurudi mikono mitupu. Koleta akamfuta mate kidevuni.

Ijumaa iliyofuata Padri alileta komunyo ya wagonjwa. Koleta alitandika kitambaa cheupe juu ya kigoda, akapiga magoti akishika mshumaa. Ferdinand, ambaye kanisa kwake lilikuwa mambo ya Krismasi, alisimama mlangoni kofia mkononi. Padri akainua hostia. Cyprian akafungua kinywa chake kilichopinda, na Ferdinand akaona kinywa cha Koleta nacho kinafunguka, bila mwenyewe kujua, kama mama anapomlisha mtoto. Hostia ikapita. Kinywa cha Koleta kikabaki wazi kidogo, kisha kikafumba.

Kesho yake asubuhi Koleta alimkuta Ferdinand anatoa godoro lake kupeleka karakana. Akamwuliza kuna nini.

“Niliuona mdomo wako jana,” alisema.

“Sikukuomba, Ferdi.”

“Najua. Ungeniomba ningekataa.”

Akaegemeza godoro ukutani, akakaa kwenye kizingiti, na Koleta akakaa pembeni yake. Alilia, na hakuweza kusema analilia kipi. Ferdinand alimshika mkono, na wakakaa hivyo hadi wateja wa vitanda wakaanza kubisha hodi.

Waliahidi mbele ya Padri Polikarpo kuishi kama kaka na dada, na Koleta akaungama. Kwa kuwa macho ya watu ni mengi na si kila mtu ataelezwa, Padri akamwomba asipokee hadharani pale parokiani. Apokee nyumbani, siku za Ijumaa, pamoja na mgonjwa. Ferdinand alisema yeye atangoja kidogo, mambo yake na Mungu hayana haraka.

Siku ilipofika Koleta alidhani ataanguka. Hakuanguka. Hostia ilikuwa nyepesi, karibu haina ladha, na alikuwa ameshasahau kwamba haina ladha. Ikayeyuka. Kitu fulani kilichokuwa kimekazwa ndani yake tangu ujana kikalegea, akapumua hadi chini kabisa ya tumbo. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, akasikia randa ya Ferdinand ikipita juu ya ubao upande wa pili wa ukuta, na akatamani kwenda kukaa karibu naye, kuegemeza kichwa kwenye shati lile lenye vumbi la mninga. Alimshukuru Mungu na kumtamani mume wake katika pumzi moja. Hakujua kama hiyo ni dhambi. Alipomwuliza Padri, alimwambia si dhambi, ni gharama.

Cyprian yupo hadi leo. Ameanza kutembea kwa kushika ukuta, na jumuiya imekwisha kuja kusali kwenye chumba chake. Koleta sasa anamwombea apone, na jina halikwami tena.

Asubuhi, kabla ya kazi, Ferdinand hutoka karakana kuja kunywa chai. Juzi, wamekaa kizingitini, katika kumpokeza kikombe, Koleta alisahau mkono wake begani kwake. Ferdinand akaufunika kwa mkono wake wenye sugu, akautuliza hapo, wote wawili wakitazama nje ambako jua lilikuwa linapanda juu ya mabati ya majirani. Kutoka chumbani Cyprian akaomba maji, na wote wawili wakainuka.