Siku Niliyoegemea Mlango wa Tonton Bahati

Harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile kali yenye kafuri, hunirudisha nyumbani kwetu Muhumba, mtaa wa Bukavu, Jumamosi asubuhi kabla ya mechi. Papa alifundisha katika chuo kikuu kidogo cha binafsi, kidogo kiasi kwamba rekta, mkuu wa chuo, aliwajua wanafunzi wote pamoja na mama zao. Timu ya mpira ya chuo ilikuwa na wachezaji kumi na watatu, na Papa ndiye aliyekuwa kocha, dereva na mfuaji wa jezi. Aliyewavuta watu uwanjani alikuwa mmoja tu: Tonton Bahati, mdogo wake Papa, aliyelala chumba cha nyuma kwetu. Watu walisema Bahati akipokea mpira, hata kipofu anajua.

Nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi hiyo alikuja mgeni mwenye koti, akasema ametumwa na klabu kubwa ya Lubumbashi kumchukua Bahati. Papa alimkaribisha salon, chumba cha wageni, kisha akanifuata jikoni na kuninong'oneza:

"Ingia kwa tonton yako, mucheze dama. Asitoke mpaka nikuite. Na usimuambie kitu."

Papa hakuwahi kuninong'oneza jambo. Niliona fahari.

Tonton alikuwa kitandani akijichua miguu. Nilipanga vizibo vya soda juu ya ubao, nikakaa chini, mgongo nimeuegemeza mlangoni. Dirisha lilikuwa moja, dogo, lenye vyuma.

"Nani iko ku salon?"

"Mutu wa parokia."

Alinitazama kidogo, akasukuma kizibo.

Mlango ulikuwa wa mbao nyepesi. "Bahati haiko," nilimsikia Papa akisema. "Alienda Mudaka kuona mama. Atarudia juma ijayo." Mgeni akajibu kwamba ndege yake inaondoka mchana. Nilikohoa ili kuzizima sauti zao, nikacheka bila sababu. Tonton alinishinda mara tatu. Gari la mgeni lilipoondoka, alikusanya vizibo polepole.

"Leo umecheza mubaya," akasema.

Mchana ule alifunga mabao mawili, nami nikashindwa kupiga makofi. Hakuondoka Bukavu kamwe. Alimaliza masomo, akawa mwalimu pale pale chuoni. Kila nilipomwona na chaki mkononi nilimchukia Papa kwa siri, na kujichukia zaidi.

Mwaka jana, tulipomaliza kumzika Papa, nilimweleza Tonton yote.

"Nilisikia kila kitu," akasema. "Mulango haikuwa na funguo, na wewe ulikuwa mutoto. Ningekusogeza tu."

"Sasa juu ya nini haukutoka?"

"Kaka yetu Fabien alikuwa ameenda Luhwindja kuchimba zahabu, udongo ikamufunika. Papa yako ndiye alimupa ruhusa. Niliposikia sauti yake inatetemeka akidanganya ule mutu, niliendelea kusukuma vizibo."

Utotoni niliambiwa kwamba Tonton Fabien amesafiri. Na kila baada ya mechi nilimwona Papa amesimama kando ya gari, akiwagusa wachezaji begani mmoja mmoja walipopanda, akikataa kuliwasha kabla Bahati hajaketi. Nilidhani makocha wote hufanya hivyo.