Laptop Iliyoimba Siku ya Posa Yangu

Kuna picha moja ya siku ya posa yangu ambayo hatujaiweka ukutani, na ukija kwetu ukaiona kwenye simu ya mke wangu, tafadhali usiniulize kitu. Nimesimama katikati ya wazee, nimevaa koti na tai, halafu kutoka kiunoni kwenda chini nimefungwa leso ya maua mekundu. Watu wanacheka. Lakini ukiangalia vizuri utaona hawanitazami mimi. Wanatazama kabati lililo nyuma yangu.

Nitaeleza polepole, maana kueleza ndiyo kazi yangu (na ndiyo iliyoniponza).

Mimi ni Mkisii, natengeneza kompyuta na simu pale Kaplong, na mchana nafundisha vijana wachache kazi hiyo hiyo. Mtu akiniletea laptop inayonguruma huwa simwachi aondoke hivi hivi, namkalisha kwenye kiti, namwambia usiogope, humo ndani vitu vinavyozunguka ni viwili tu, feni inayopoza na diski inayohifadhi vitu vyako, na chochote kinachozunguka kinaweza kutetemeka, kwa hiyo kazi yetu ni kutafuta ni kipi. Wengine hufurahi kuelezwa. Wengine husinzia. Chebet, binti wa Kipsigis, hakusinzia, na ndiyo sababu nikajikuta siku moja napanda kwenda kwao juu ya Bomet na wazee wetu, kwenda kumposa.

Baba mdogo ndiye alikuwa msemaji wetu. Njiani alinipa maagizo. Alisema Wakipsigis wa zamani wakienda posa wakisikia sauti mbaya, ndege au mnyama wa kulia vibaya, walikuwa wanageuza na kurudi nyumbani, na kwamba bado kuna wazee ambao wanasikiliza hata kama hawasemi. Halafu akanishika koti.

"Ukiingia pale, mdomo yako ni ya chai na mursik peke yake. Kuongea ni sisi."

Nikamwambia sawa, Baba, chai na maziwa yao ya mgando, basi. Bisibisi yangu ndogo ilikuwa mfukoni, kama kawaida. Laiti ningeiacha.

Tulifika kama saa sita na ukungu ulikuwa umeshuka juu ya majani chai, ule mzito unaomeza nyumba ya jirani, na hata ng'ombe ukimsikia hujui yuko upande gani. Sebuleni waliwasha taa. Wanaume walikaa upande wa dirisha, wanawake upande wa mlango wa jikoni, na ukutani kulikuwa na kabati refu la mbao, la zamani, lililokuwa la kogo, yaani nyanya yake Chebet mzaa baba, ambaye ndiye aliyemlea na ambaye walikuwa wamemzika miezi michache tu nyuma. Juu ya kabati hilo, pembeni, waliweka laptop ya Chebet. Kwenye kioo chake alikuwa Kiprono, kaka yake mkubwa, anayefanya kazi Qatar. Baba mkwe alikuwa amesema wazi kwamba bila kifungua mimba kukubali, hakuna msichana atatoka hapo.

Mambo yalikwenda vizuri. Tuliulizwa koo zetu, tukajibu. Mimi nilikunywa chai na kunyamaza, mpaka baba mdogo akanitazama kwa fahari. Kisha baba mkwe akainuka, akaisukuma laptop mpaka katikati ya kabati ili Kiprono atuone wote, akamuuliza kama anakubali dada yake aende kwa watu hawa.

Kiprono akafungua mdomo, na hapo ndipo sauti ilipoanza.

Haikuwa kelele. Ilikuwa mvumo wa chini, mzito kidogo, kama mtu mzima anayeimba na mdomo umefungwa huku mikono iko kazini. Ilitoka, ikafifia, ikatoka tena. Vikombe viliacha kugongana. Senge, yule shangazi yake Chebet upande wa baba, aliweka chini birika la chai, akasikiliza, akasema taratibu bila kumtazama mtu:

"Hiyo ni mama. Hivyo ndivyo alikuwa anaimba akiosha vibuyu."

Mama mkwe alijifunika mdomo kwa mkono. Mzee mmoja wa kwao alichukua kofia yake kutoka kwenye goti, akaivaa, na mtu akishavaa kofia ndani ya nyumba ya watu unajua anafikiria mlango. Nikamtazama Chebet. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na nikaelewa kwamba wakisimama wale wazee, posa yangu imekwisha.

Hapo mtu mwenye akili angemwachia baba mdogo. Mimi niliinua mkono, kama mtoto darasani.

Nikasema wazee wangu, niruhusiwe, hii ni kitu ninaifahamu. (Baba mdogo alinivuta koti, nami nikafikiri ananitia moyo.) Nikawaeleza feni na diski, sauti yangu tamu kama ya kumfariji mteja. Nikaiinua laptop mikononi. Kimya. Nikairudisha. Mvumo ukarudi. Nikageuka kwao nikitabasamu.

"Mmeona? Ni mashine tu."

"Ama ni mama hataki hiyo mashine juu ya kabati yake," akasema Senge.

Na kusema kweli alikuwa ameona vizuri kuliko mimi. Mimi mwenyewe huwaambia wanafunzi wangu kila siku: ikinyamaza ukiiinua, usiguse skrubu, uliza kwanza imewekwa juu ya nini. Lakini nilikuwa ukweni, nimetoka jasho, nataka kushinda. Nikatoa bisibisi.

Niliizima laptop Kiprono akiwa bado anaongea. Uso wake ulipotea mdomo wazi. Nikaifungua juu ya meza ya chai, kati ya chapati na maziwa, nikielezea kila skrubu. Kifuniko kilipotoka, sebule ikajaa harufu ya mkaa wa kibuyu, ule mkaa wa mti wanaosugulia ndani kabla ya kuweka maziwa. Nilijua ni kwa nini: Chebet alikuwa akisomea jikoni, kando ya kogo, na feni ilikuwa imevuta vumbi la mkaa miaka yote hiyo. Nilijua, na bado niligeuka kutazama mlango wa jikoni. Senge alianza kuomba kwa sauti ya chini.

Nikapuliza feni. Mkaa wote ukaja usoni kwangu na kwenye shati jeupe. Nikafunga, nikawasha, nikaiweka pale pale katikati ya kabati.

Ikaimba. Safari hii vizuri zaidi.

Sasa ilikuwa mimi na ile sauti, sikuona tena watu. Feni ni safi, kwa hiyo ni diski. Lakini diski haina sauti ya mtu. Nikaweka kiganja juu ya mbao, nikasikia mtetemo unateremka, nikaufuata kwa sikio kama daktari, chini, chini zaidi, mpaka nikapiga magoti na kubandika sikio kwenye mlango wa kabati, na sehemu yangu ya nyuma imeinuka juu, imeelekea moja kwa moja kwa mama mkwe. Sisi Wakisii tuna heshima ya wakwe tunayoiita chinsoni. Mbele ya mama mkwe huinami hivyo. Hata kiatu kikifunguka unatoka nje. Nami nilikuwa hapo, nimebong'oa, na suruali mpya ya kubana ikachagua wakati huo kupasuka kutoka mshipi mpaka karibu na goti.

Nilisikia baba mdogo akisema Mungu wangu.

Ningeweza kukimbilia ukunguni na nisirudi. Lakini sauti ilikuwa sikioni kwangu, nyuma ya ubao, karibu kama mtu ananinong'oneza. Nikafungua mlango. Ndani, peke yake kwenye rafu, kulikuwa na kibuyu cha kogo, kikavu, kitupu, mdomo wazi. Kifuniko chake kililala kando. Nikakitoa kwa mikono miwili, na mikononi mwangu kikanyamaza. Nikakirudisha, kikaimba. Nikakifunika, kikakoma.

Nikasimama nimeficha nyuma kwa mkono mmoja, nikaeleza mara ya mwisho. Diski ya zamani inatetemeka kidogo tu, huwezi kusikia. Kabati linabeba mtetemo. Kibuyu kitupu kilicho wazi kinaupokea na kuukuza, kama chupa ukipuliza mdomoni. Laptop ilipokuwa pembeni mwanzoni, mtetemo haukukifikia. Iliposukumwa katikati, juu ya kibuyu kabisa, ukakifikia. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Yule wa kofia akaivua. Nilikuwa nimeshinda.

Ndipo mama mkwe akasema, akiangalia sakafu ili asinione:

"Hiyo kibuyu niliifunika mwenyewe siku tulimzika. Na hiyo mlango hakuna mtu amefungua."

Nikairudisha bisibisi mfukoni. Chebet akapiga simu upya, na Kiprono akatokea amekasirika, akasema mmenizima nikiwa nimeshasema ndiyo. Halafu, kabla mtu yeyote hajamweleza lolote, akauliza:

"Lakini nani alikuwa anaimba kama kogo?"

Senge alifungua leso yake kiunoni, akaja akanifunga mimi, akakaza fundo kama anamfunga mtoto. Akasema mama hakukataa, angekataa angenyamaza. Alikuwa anaongea kwa sababu mlikaa kupanga mambo ya msichana wake na hamkumwekea hata maziwa. Wakakijaza kibuyu mursik, tukanywa wote, na nikatozwa faini ya kondoo mmoja kwa kugusa kisichokuwa changu. Picha ikapigwa hapo.

Leo kile kibuyu kiko kwetu, ndani ya kabati letu, tulipewa. Laptop ni ile ile, lakini nimeitoa diski ya zamani na kuweka ya kisasa isiyozunguka, na kwa kawaida imezimwa. Wiki iliyopita mchana ukungu ulishuka, tulikuwa tunakula, na ule mvumo ukaanza kabatini. Chebet akaniangalia, anangoja nieleze. Bisibisi ilikuwa mfukoni.

Niliapa sitainua tena mkono kwenye sebule ambamo kogo anaongea. Nikaenda jikoni kuleta maziwa.