Mandola, Nyuma ya Kitanda cha Mama

Jana jirani yangu alipaka sakafu yake polishi nyekundu, na harufu ile ilipopenya chini ya mlango wangu nilisimama na kikombe mkononi, nikarudi kimawazo mtaani Kaloleni, mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na miaka minane na magoti mekundu kwa polishi ya sakafu yetu.

Mama alikuwa fundi wa nguo sokoni Burma. Siku za Jumamosi alinifungia ndani mpaka adhuhuri. Nje wasichana walicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira. Nilisikia mpira wa karatasi ukigonga ukuta wetu na mtu akilia kwamba ameibiwa zamu. Mimi nilikuwa na Mandola, mji wa mfalme, nilioujenga kwa masanduku ya viatu na viberiti nyuma ya kitanda. Ikulu niliijenga haraka, kwa kutimiza wajibu. Mapenzi yangu yote yalikuwa kwa mtaa wa majumba ya maigizo: saba yalipangana barabarani, kila moja na pazia la kitambaa kilichobaki kwenye cherehani ya Mama.

Mtaa ule niliuona mimi peke yangu, mpaka Akinyi wa nyumba ya pili alipobandika uso dirishani.

"Kwani babako ako wapi? Hatumuonangi."

Baba alikuwa ameondoka miaka miwili kabla, na sanduku moja. Kwetu hakutajwa.

"Ako Mandola," nikasema.

"Ni wapi huko? Karibu na Thika?"

"Mbele zaidi. Hufungua pazia kwenye jumba la mfalme."

"Hiyo ni kazi? Hata mimi hufungua pazia kila asubuhi na silipwi!"

Kufikia jioni ploti nzima, nyumba zote za ua wetu, ilijua. Nilikuwa bombani na Mama, wanawake wamepanga ndoo, mamake Akinyi alipouliza kwa sauti ya kusikika na wote: "Mama Wambui, kumbe mzee ako Mandola siku hizi?"

Mtu alicheka puani. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Neno moja tu la Mama la kunikanusha lingetosha nisitoke nje tena mwaka mzima. Ndoo yetu ilijaa, ikafurika, maji yakamlowesha viatu.

"Eeh," Mama akasema. "Kazi imembana."

Akajitwika ndoo.

Nyumbani nilingoja kichapo. Badala yake Mama alisogeza kitanda, akaketi sakafuni na sketi yake ya kazini. Aliyatazama majumba, akagusa pazia moja.

"Yeye yuko kwenye hili?"

"Lile la mwisho."

"Na pazia likishafungwa, watu wakienda zao, yeye huenda wapi?"

Katika Mandola yote sikuwa nimejenga nyumba hata moja ya kulala.

"Sijui, Mama."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepewa habari aliyoitarajia.

Kwa miaka mingi niliwasimulia watu kisa hiki kama mfano wa upole wake: mama aliyekubali kucheza na mtoto mwongo. Nilikuwa na umri wake wa wakati ule, nami nikiishi peke yangu, nilipotambua kwamba Mama hakuwa akicheza. Alikuwa akiuliza kweli Baba hulala wapi. Katika Kaloleni nzima, hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.