Nusu ya Komprime Iliyogeuka Sifuri

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na mwili bado unanisisimka. Ilikuwa asubuhi ya kupima watoto kwenye kituo chetu cha afya, huku upande wa Kasongo. Mjukuu wangu Feza alikaa mbele ya ordinatere, ile mashini ya hesabu yenye kioo. Mimi shule niliiacha darasa la pili, lakini Feza amesomea kuandika maagizo ambayo mashini inayafuata, na hayo aliyaandika mwenyewe: ukiipa kilo za mtoto, inakuambia apewe komprime, yaani vidonge, ngapi za homa. Mama Salima, mgawaji wa dawa, alisoma kwenye kioo na kugawa. Kazi ilikimbia, nami nikajivunia damu yangu.

Akafika Mwavita, mke wa mjukuu wangu Asumani, amemleta kitukuu changu Amisi kwa pikipiki kutoka njia ya Salamabila. Mtoto alikuwa anachemka siku ya pili. Wakampima. Mama Salima akachungulia kioo.

"Sifuri. Huyu hana lazima ya dawa. Umurudishe nyumbani, umunyonyeshe."

Mwavita akashukuru, akaanza kumfunga mgongoni! Nilisimama hadi kiti kikaanguka.

"Feza! Sifuri ni nini? Mutoto iko moto kama jiwe la jiko!"

"Weye Bibi," Mama Salima akacheka, "hata barua unasomewa, leo unagombana na ordinatere?"

"Nagombana nayo. Iulize tena!"

Feza akaiuliza. Sifuri. Akachukua kalamu, akafanya hesabu kwenye kiganja chake. Ikatoka nusu.

Akanieleza kwa sauti ndogo. Hakupenda namba zenye mkia, kama moja na nusu, akaiamuru mashini izifanye zote namba nzima. Shuleni walimfundisha kwamba nusu inapanda juu. Kumbe lugha ile aliyoiandikia ina desturi yake: nusu ikisimama katikati kabisa, inakwenda kwenye namba inayogawanyika kwa mbili. Moja na nusu inakuwa mbili. Mbili na nusu, nayo mbili. Nusu peke yake inashuka hadi sifuri.

"Ee Mungu wangu! Nani aliifundisha vile?"

"Watu wa hesabu, Bibi. Nusu zikiwa nyingi, zinazopanda na zinazoshuka zinalingana. Jumla haipotoki."

Hapo, mwanangu, nilishtuka mara ya pili, maana hesabu hiyo niliwahi kuifanya mimi.

Nilikuwa msichana kule Kabambare, nikapewa kugawa mpunga baada ya mavuno. Kwetu mwanamke aliyevuna hadi jioni alipata kitunga kizima. Mwenye kunyonyesha, aliyerudi nyumbani saa sita, alipata nusu. Hizo nusu zilinichosha. Nikampa mmoja wa hao kitunga kizima, anayefuata nikamwambia angoje mavuno mengine, hivyo hivyo hadi mwisho, na mpunga ukatosha sawasawa. Nilijisifu, wallahi! Shangazi yangu Kabibi hakunipiga. Aliniuliza tu: "Mpunga umetosha, njo vile. Na Anzurani, mama ya mapacha, atapika nini? Hiyo jumla yako?" Akanituma kwa Anzurani na kitunga changu mwenyewe kichwani, nami nikapita mbele ya wenzangu wote.

Nikamsimulia Feza hayo kwa maneno machache, lakini yeye alikuwa amekwisha shika kichwa.

"Bibi, wale wengine! Wamekwisha kwenda!"

Watoto wanne walikuwa wametangulia, na ndani ya mashini zilibaki kilo tu, bila jina hata moja. Basi nikawataja: Zaina wa Mama Sifa, Ramazani wa fundi baiskeli, Mauwa, na Juma yule aliyemng'ata mpimaji. Madereva wa pikipiki waliokuwa wanangoja nje wakatawanyika kila mmoja na jina lake. Mama Sifa alikutwa amekaa kando ya barabara, maji kwenye kikombe, komprime mbili kiganjani, Zaina amekwisha fungua mdomo. Haki yake ilikuwa moja na nusu. Wote walirudi kabla ya kumeza, Mungu ashukuriwe. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Na hata hiyo nusu ingepanda," nikamwambia Feza, "ungemupa Amisi komprime nzima? Mutoto wa miezi mitano?"

Akafuta lile agizo. Kioo kikaandika nusu. Mama Salima, kicheko kimekwisha, akakata komprime kwa wembe, akaiponda kwenye kijiko cha maji. Amisi akatema kidogo, akameza. Nami ndipo nikaketi.

Mwanangu unayejifunza mashini hizi, mdharau mwiba mguu huota tende. Kabla hujaikata namba mkia, uliza ni ya nani na ataifanyia nini. Usidhani lugha ya mashini inafanya kama mwalimu wako. Ijaribu kwa nusu, ijaribu kwa mtoto mdogo kuliko wote, kabla kina mama hawajapanga mstari. Kama kitu kinaweza kukatwa kwa wembe, kiache na nusu yake. Usifarijiwe na jumla iliyolingana, maana hakuna mama anayeleta jumla mgongoni, analeta mmoja.

Mungu akupe subira ya kuuliza mara mbili. Watoto utakaowahesabia wakue, wazae, wakutaje kwa heri. Amina.