Kilaptop cha marehemu baba kilichokuwa kinazimika kila nikienda kuswali

Wakuu, habari za mchana. Na wakuu wa kike pia tumo humu, msijisahau.

Uzi huu nauandika kwenye kilaptop hicho hicho ninachotaka kuwasimulia. Sina sababu ya kudanganya, hakuna anayenijua humu na sitafuti umaarufu. Ninachosema ndicho kilichotokea, hapa hapa Kwedizinga, Handeni.

Kwanza mjue tunazungumzia mashine gani. Ni zile laptop ndogo za zamani, kioo cha inchi kumi. Ukiifunga inaingia kwenye mkoba wa mwanamke na nafasi ya mtandio inabaki. Processor ni Atom, RAM ilikuja na GB moja. Wengi wenu za kwenu mlishawapa watoto wachezee.

Hii ilikuwa ya baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mitihani yote aliichapa humo, kwa vidole viwili, miwani imeshuka puani.

Alipofariki na vitu vyake vikagawiwa, kaka yangu Shabani alikiangalia akasema, "Hicho mpeni Mwanaidi, mimi sina pa kukiweka."

Watu wakacheka. Mimi nikakipokea kwa mikono miwili.

Sasa hapo mjue hali yangu. Nilikuwa nimerudi nyumbani, ndoa imevunjika, mtoto sina. Kaka Shabani anafanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge huko Ngombezi, upande wa Korogwe. Mke wake ana watoto wadogo waliofuatana. Kwa akili yake suala langu lilikuwa limekwisha: nihamie kwake, nipike, nilee watoto. Mama abaki peke yake na nyumba.

Hakuniuliza. Alinitangazia tu, kama mtu anayesema kesho tunahamisha kabati.

Nikamwambia, "Kaka, mimi siendi. Nina kazi yangu."

"Kazi gani?"

"Hiyo laptop."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Sawa. Iddi nakuja na gari. Kama hako kadude kanakulisha, utabaki. Kama hakakulishi, unapanda, na sitaki kusikia neno."

Nikasema sawa. Wakati huo, wakuu, kilaptop kilikuwa kinachukua muda wa kupika ugali mpaka kiwake. Lakini nilishasema.

Nilichokuwa nimekiona ni hiki. Huku kwetu kila mkulima anakwenda shamba na kiredio chake cha memory card au flash. Wafugaji vilevile, ng'ombe mbele, redio begani. Na wote wanahangaika pa kuweka nyimbo mpya. Mfungo ukikaribia ndiyo zaidi, watu wanataka kaswida na mawaidha. Walikuwa wanafunga safari mpaka Korogwe kwa jambo la dakika chache.

Nikaenda Korogwe kutafuta vifaa. Fundi wa kwanza nilimwonyesha, akakigeuza juu chini na kuniambia, "Dada, hii tupa. Au nikununulie kwa ajili ya spea."

Nikakirudisha kwenye mkoba. Nilikuja kutafuta RAM, sikuja kutafuta ushauri.

RAM niliipata kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya umeme. Alichimba kwenye droo mpaka akatoka na kipande cha GB mbili, aina ya zamani ya DDR2, akakipuliza vumbi. SSD ndogo nayo nikapata hapo hapo. Hard disk ya baba niliitoa, nikaihifadhi pamoja na mitihani yake yote.

Kwa wanaotaka kufanya kama mimi, niliyoyafanya ni haya. Windows nikaiaga, nikaweka Linux nyepesi ya 32-bit. Mapambo yote ya kioo nikazima. Programu zinazojiwasha zenyewe nikazifukuza, ikabaki ya kuandikia, ya kunakili mafaili na ya kusikilizia. Kikawa kinawaka kabla hujamaliza kusalimiana na mtu.

Betri yake ilishakufa kabisa, nikaitoa. Nikanunua kile kifaa kidogo cha kupandisha umeme, kinachotoa volti 12 za betri ya sola na kuzifanya 19. Betri ya sola ya nyumbani ikawa ndiyo betri ya laptop. Tafadhali, msiunganishe moja kwa moja kwenye paneli, mtakuja kulia humu.

Na kitu kimoja mnachokidharau: hizi laptop za zamani zina tundu la memory card ubavuni. Laptop mpya ya Kaka Shabani, ile nyembamba kama sahani, haina. Kumbukeni hilo.

Tweak ya mwisho ndiyo yenye kisa. Niliiset kwamba hata ukifunga kifuniko, isilale, iendelee na kazi. Kwa sababu kunakili mafaili mengi kunachukua muda, na mimi nikiingia ndani sitaki watoto wa majirani wabonyezebonyeze.

Nikaweka meza barazani. Biashara ikaanza.

Mfungo ukaingia na wateja wakaja kweli. Wazee na viredio vyao. Wamama wa chama cha maulidi. Kijana mmoja Mmasai anaitwa Saruni, yeye hana habari na mfungo, anataka nyimbo za Kimaa, na alikuja na memory za wenzake zimefungwa kwenye kitambaa kama dawa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nilipoolewa. Naam, hata siku ya kuolewa yenyewe.

Kisha kikaanza kuzimika.

Adhuhuri ikifika, naweka kazi iendelee, nafunga kifuniko, naingia ndani kuswali. Nikirudi kimezima. Kadi ya mtu imekatikia katikati, faili zimeharibika. Nawasha, kinakwenda vizuri. Alasiri naingia kuswali, nikitoka kimezima tena.

Siku ya kwanza nikasema bahati mbaya. Ilipoendelea, watu wakaanza kuongea. Jirani mmoja akasema ni husda. Mwingine akasema mashine ya marehemu haipendi kazi saa ya swala, nayo inataka kupumzika. Mzee mmoja aliyeleta redio yake akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hicho kitu kina mwenyewe, na mwenyewe anakimbia adhana."

Mama akachoma ubani barazani. Akakizungushia na kilaptop, moshi ukaingia wote kwenye feni.

Mimi sikuamini habari za jini. Lakini wateja wanaamini, na mteja akiamini hatoi kadi yake. Baraza likaanza kuwa jeupe. Iddi inakaribia.

Nikapanda gari kwenda Korogwe kwa yule fundi, kwa shingo upande. Akakiweka mezani kwake, akakipa kazi ya kunakili mfululizo, kutwa nzima. Hakikuzima hata mara moja. Akaniambia, "Bodi imechoka hii, inazima ikijisikia. Nilikwambia utupe." Nikarudi nyumbani na hasira kiasi cha kutaka kufungua kwa kugombana na mtu.

Nikaangalia nguo zangu kwenye sanduku. Nikaziangalia kama mtu anayeanza kupanga safari. Niliumia, sitawaficha.

Hapa wanaume mtanivumilia. Siku zangu zikafika, sifungi wala siswali. Basi nikakaa barazani mchana kutwa. Kilaptop kikapiga kazi kutwa. Hakikuzima.

Majirani wakasema jini limechoka. Mimi nikaanza kufikiri.

Kesho yake, bado siswali, nikakiacha kinafanya kazi, nikafunga kifuniko, nikaenda kisimani. Narudi, kimezima.

Kumbe swala haihusiki. Kinazima nikiondoka.

Siku iliyofuata nikaaga kwamba naenda kisimani tena. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingia kwa mlango wa uani, nikasimama nyuma ya dirisha linalotazama baraza.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka wake. Yeye huswali mapema, wakati ukiingia tu, kisha hukaa hapo kuniangalizia vitu. Akanyanyuka taratibu. Akaingia sebuleni, akatoka na kitambaa.

Nyie mnavijua vitambaa vya mama zetu. Kwetu kila kitu kinafunikwa. Redio, televisheni, jagi la maji, mikono ya makochi. Hiki alikifuma mwenyewe miaka hiyo baba alipokinunua kilaptop, maua mekundu na ukingo wa kijani, akakishonea bitana nzito ili vumbi lisipite. Akakikunja mara mbili, akakifunika kilaptop gubigubi, akachomekea na pembeni vizuri kama anayemfunika mtoto mchanga. Kisha akapapasa juu, akarudi kukaa.

Wakuu, nilikuwa nakikuta kitambaa hicho kila nikirudi. Kila siku. Nakitoa, nakikunja, naweka pembeni, naanza kulia kwamba mashine imezima. Nimekulia kwenye nyumba hiyo, macho yangu hayavioni vitambaa tena.

Mashine imewaka, inapiga kazi, jua la Handeni la mchana, halafu unaifunika na bitana. Joto linapanda, inajizima yenyewe isiungue. Haina jini. Ina akili kuliko sisi.

Nikatoka barazani. Nikakaa mkekani karibu naye.

"Mama, mbona unaifunika?"

Akashangaa swali. "Si imelala? Umeifunga. Baba yako hakuwahi kuiacha wazi hata siku moja. Akimaliza kazi anaizima, anaifunga, anaifunika. Vumbi la hapa unalijua."

"Mama, ikifungwa sasa hivi huwa haijalala. Nimeirekebisha. Inafanya kazi ndani. Ukiifunika inakosa hewa, inazima."

Akakitoa kile kitambaa, akakishika mapajani.

Kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa nakupeleka Ngombezi."

Jamani. Mwanamke huyu alichoma ubani ili mashine ipone. Alikuwa anaomba dua kila swala nisiondoke, aliniambia baadaye. Na akitoka kuomba dua, anakwenda kuifunika.

Nilimwambia hapana, mama, hukunipeleka popote, na sitakwenda popote. Tulikaa pale tumeshikana mikono mpaka mteja akapiga hodi.

Siku hiyo hiyo nikakifungua kilaptop. Feni ilikuwa imejaa nyuzi nyekundu na kijani pamoja na masizi ya ubani. Nikasafisha na mswaki mpya, nikabadilisha ile dawa ya kupoza processor, nikafunga. Nikakiweka juu ya vipande viwili vya mbao hewa ipite chini. Toka hapo hakijazima hata nilipokuwa kwenye tarawehe.

Nikaanza kwenda hadi gulioni, betri ya sola naifunga nyuma ya baiskeli. Wale waliosema jini wakarudi mmoja mmoja. Sikuwauliza kitu. Niliwatazama tu, nao wakatazama pembeni.

Iddi ikafika. Baada ya swala Kaka Shabani akaja na gari kama alivyoahidi. Turubai tayari, kamba tayari.

Alikuta baraza limejaa. Siku ya sikukuu, kila mtu anataka nyimbo za kuchezea. Saruni yuko mbele na kifurushi chake cha memory. Mimi sikuinuka, nilimwamkia kaka nikiwa nimekaa na kazi mkononi. Alisimama na kanzu yake mpya, hajui aanzie wapi.

Akamwambia mama, "Mbona hajafunga mizigo?"

Mama akasema, "Mwanaidi ana kazi. Kaa ule pilau."

Basi. Mama, ambaye tangu mwanzo hakuwahi kumpinga kaka, alisema maneno hayo tu, na lile gari likarudi Ngombezi tupu. Niseme kweli, si tupu kabisa, tulimpa mahindi.

Lakini kabla hajaondoka, Kaka Shabani alinisogelea barazani, akachomoa memory card kwenye simu yake. Laptop yake nyembamba haina pa kuiingiza, nilishawaambia. Akasema kwa sauti ya chini, "Na mimi niwekee basi za kusikiliza njiani."

Nikamwonyesha kwa kidole. "Foleni inaanzia nyuma ya yule mama, kaka."

Akapanga foleni. Na kanzu yake.

Nilichojifunza, wakuu: kitu cha zamani hakifi kwa sababu ni cha zamani. Mara nyingi sisi wenyewe tunakikosesha hewa, wengine kwa dharau na wengine kwa mapenzi. Kabla hujaambiwa tupa, kaa nyuma ya dirisha uangalie nani anakifunika.

Najua kuna watakaokuja hapa chini kuniambia ninunue mpya. Karibuni, semeni, ila mniambie kwanza hiyo mpya ina tundu la memory card au haina. Na wenye vilaptop kama changu leteni maujanja yenu, hasa kama kuna aliyefanikiwa kupata keyboard yake, herufi M yangu imeanza kugoma.

Mama naye kakifumua kile kitambaa, kakifuma upya bila bitana. Nikimaliza kuandika hapa nazima kilaptop, nasubiri kipoe, kisha namwita aje akifunike mwenyewe.