Ugonjwa Aliopewa Mama Njenga

Mumbi alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Kwao Murang'a hakunywa uji kwenye kikombe kilichoguswa na mdomo wa mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni dada yake wa tumbo moja, na mama yake alikuwa akimwonya kwamba mchagua sana chakula atakuja kulala njaa. Hakulala njaa. Alikuja London, na Mungu, ambaye naye ana mizaha yake, akampa kazi ya kutunza wazee majumbani mwao: miaka kumi na tisa ya kubadilisha nepi za watu wazima, kufua shuka zilizoloa mikojo na kusugua meno ya bandia yaliyosahaulika kwenye glasi tangu juzi. Kazi hiyo aliifanya kwa upole, kwa sababu mzee hakuomba kuzeeka. Kinyaa chake alikiweka akiba kwa ajili ya watu wenye afya zao.

Kwa hiyo ungeambiwa kwamba mwanamke huyu, akiwa na miaka hamsini na saba, alijitia kwa hiari yake ndani ya bwawa la kuogelea la umma, ungebisha. Siku ya kwanza plasta iliyoloa ilipita mbele ya kidevu chake ikielea. Bonge la nywele za mtu lilimnasa kwenye kidole cha mguu. Baba mmoja alipumua kwa nguvu, akapenga makamasi humo humo majini, kisha akaendelea na safari yake kama kwamba bwawa ni kitambaa chake cha mfukoni. Mumbi alishika ukingo kwa mikono miwili na kujiuliza ni pepo gani lililomleta.

Lililomleta halikuwa pepo. Alikuwa ameogopa maji maisha yake yote, na amechoka kuogopa. Tena alitaka, kwa mara ya kwanza tangu mumewe afariki, kuwa na kitu kimoja ambacho hakikuwa kazi wala wajibu. Nia yake ilikuwa ndogo na ya wazi: kabla mwaka haujaisha, avuke bwawa kutoka upande huu hadi ule, mita ishirini na tano, bila kugusa ukingo.

Mwalimu wake aliitwa Komal, msichana wa Kihindi wa kutoka mtaa wa Kenton ambaye babu yake aliwahi kuwa na duka Nakuru. Kiswahili cha Komal kilikuwa maneno matatu tu aliyorithi kwa bibi yake, na aliyatumia yote. "Njoo, mama, polepole," alimwambia, na Jumamosi ya nne Mumbi aliachilia ukingo, akalala chali, na maji yakambeba. Masikio yakiwa ndani ya maji hakumsikia mtu yeyote akimwita. Alicheka, maji yakamwingia puani, akacheka tena. Chumbani mwa kubadilishia nguo alimshukuru Mungu kwa sauti, akimtajia miguu, mikono na mapafu, mpaka mama wa Kizungu aliyekuwa akijikausha akahamisha begi lake benchi ya pili.

Kanisani hakumwambia mtu. Kanisa lao, Chemchemi ya Furaha, lilikutana katika ukumbi wa kukodi huko Lewisham, kusini mwa London, na kila Januari waumini waliandika malengo yao ya mwaka kwenye kadi. Mama Pastor, yaani Tatiana mke wa mchungaji, alizisoma mbele ya watu wote ili ziombewe. Nyumba. Makaratasi ya uhamiaji. Mume kwa binti yangu. Mercedes, mtu mmoja aliandika, hata rangi akaitaja, na ukumbi mzima ukasema amen. Mumbi alikuwa ameandika "kuogelea", akaona aibu, akaomba kadi nyingine na kuandika "kumtumikia Bwana zaidi". Ilipigiwa makofi. Makofi hayo yalimchefua wiki nzima, maana alijua walichosikia: chapati zaidi.

Kwa sababu Jumamosi ilikuwa siku ya chapati. Kwa miaka kumi na moja Mumbi alisimama jikoni mwa ukumbi ule kuanzia asubuhi, yeye na rafiki yake Lydia, wakikanda na kusukuma chapati za Jumapili mpaka moshi wa mafuta ukawaingia hadi kwenye kope. Alipoanza masomo ya kuogelea alisema tu, "Jumamosi nitakuwa na appointment." Wiki iliyofuata akasema vile vile, na iliyofuata pia.

Sasa tazama watu wanavyoweza kushona nguo bila kitambaa. Mama Njenga, kama walivyomwita kwa jina la mwanawe, ana appointment kila Jumamosi na hasemi ya nini. Mama Njenga amepungua mwili. Mama Njenga amekata nywele zote, amebaki na kichwa kama yai, na ukimkumbatia ananuka dawa. Hakuna aliyemuuliza. Kuuliza kungewaharibia hadithi. Walinong'ona tu, wakaupata ugonjwa, wakampa.

Alhamisi moja jioni kengele ya mlango ililia. Mama watano wa kanisa walisimama kwenye ngazi wakiwa wamejifunga leso, wamebeba unga, sukari, majani ya chai na mafuta ya kupikia, kama wanavyofanya Wakenya waendapo kumwona mgonjwa au mfiwa. Mbele alikuwa Mama Pastor, nyuma kabisa Lydia. Waliimba pambio mbili kabla hawajakaa. Kisha walimzunguka na kumwekea mikono, na kiganja kimoja chenye jasho kikatua kwenye titi lake la kulia, kikatulia hapo, kikibonyezabonyeza.

"Dada yetu, usitufiche," Mama Pastor alisema kwa sauti ya msibani. "Ule ugonjwa hauna nguvu mbele za Bwana."

"Ugonjwa gani?" Mumbi aliuliza. "Mimi si mgonjwa."

"Amen," wakaitikia wote.

"Nawaambia kweli, sina ugonjwa wowote."

"Pokea!" mmoja alilia, machozi yakimtiririka. "Hiyo ndiyo imani. Ikiri hivyo hivyo, mama. Pokea!"

Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kusifu. Alipojaribu kucheka walisema ni furaha ya Roho. Walifunga sala baada ya saa nzima, wakanywa chai yake yote, wakamtangazia kwamba kanisa limeanza kufunga siku tatu kwa ajili yake na kwamba Jumapili atasimama kutoa ushuhuda. Walipoondoka, Mumbi alioga mara mbili. Alilisugua titi lile kama sufuria iliyoungua.

Jumamosi alivuka bwawa. Alimeza maji, alipiga mateke ya ovyo, mzee wa miaka themanini alimpita bila haraka, lakini alifika, na Komal alipiga makofi peke yake pale ukingoni. Kutoka hapo, nguo ya kuogelea ikiwa bado mbichi kwenye mfuko, alikwenda moja kwa moja kwa Pastor Victor kumweleza ukweli.

Pastor alikuwa ofisini akila. Funga ya siku tatu ilikuwa imeisha adhuhuri, na yeye alikuwa akiimalizia kwa paja la kuku. Alimsikiliza hadi mwisho, akacheka mpaka mabega yakatikisika, halafu akaacha kucheka na kuanza kufikiri. Mumbi aliona mafuta yakimshuka kidevuni, yakasimama kwenye mkunjo, yakaendelea.

"Ati swimming," alisema. "Sasa Mama Njenga, watu wamefunga. Wengine wametoka night shift na njaa yao. Niwaambie walikuwa wanaombea costume?"

"Waambie walikosea."

"Mimi naona hivi. Kesho simama useme umepona. Kwani wewe uko mgonjwa? Si uko mzima? Basi hujadanganya." Alilamba kidole gumba, kisha cha pili. "Imani ya watu ni kitu cha kulindwa. Na usisahau tulivyosimama na wewe Baba Njenga alipoondoka."

Hapo alimgusa penyewe. Mumewe alipofariki, ni watu hawa waliojaa sebuleni kwake usiku na mchana, waliomlisha, waliopeleka mwili nyumbani ukazikwe. Mwanawe Njenga alihamia mtaa wa Barking na kila ukimsemesha Kiswahili alijibu kwa Kiingereza, kwa kifupi. Ndugu zake walikuwa Murang'a. Mbali na Chemchemi ya Furaha, London nzima hakuwa na mtu wa kumzika. Alirudi nyumbani akijua kwamba neno moja tu, nimepona, lingemhifadhia kiti chake, na neno hilo lilimkaa kinywani kama utandu wa maziwa.

Jumapili walimkalisha kiti cha mbele. Watu waliokuwa hawamsalimii walikuja kumshika mkono kwa vidole viwili, kama kwamba ungeng'oka. Walimtazama kichwa, kisha kifua, kisha viatu vyao. Mumbi aliona kitu katika nyuso zile kilichomchukiza kuliko plasta ya bwawani: walikuwa na raha. Hawakujua wenyewe, lakini walikuwa na raha, raha ya walio wazima wanaomtazama mgonjwa.

Mama Pastor alimmiminia mafuta ya upako juu ya kichwa chake kilichonyolewa. Hakumpaka, alimmiminia, nusu chupa. Yalishuka nyuma ya masikio, yakaingia kwenye kola ya gauni alilolipiga pasi asubuhi. Akakabidhiwa kipaza sauti kilichokuwa bado na unyevu wa mate ya mtu wa kabla yake.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amen."

Pastor Victor alimtikisia kichwa kwa kumtia moyo. Mumbi alifungua kinywa, na alikuwa karibu kulisema. Huo ndio ukweli na yeye mwenyewe hakuja kuuficha baadaye: neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini mpiga kinanda, kabla hata hajasikia kitu, alikwisha kuanza wimbo wa uponyaji, polepole, macho yamefumbwa, uso umekunjwa kwa hisia alizozivaa pamoja na suti yake. Wakati huo huo tone la mafuta likamwingia Mumbi jichoni.

"Zima hiyo," alimwambia. "Ndugu zangu, mimi sikuwa mgonjwa. Sikuwa na kansa, wala hakuna daktari aliyeniambia nina kansa. Jumamosi huwa naenda swimming. Nywele nilikata ziache kusumbua kwenye kofia. Ile harufu ni ya dawa ya maji. Nilienda kwa sababu nilitaka, na inanifurahisha, na naamini Mungu akiniona pale anafurahi pia. Jana nimevuka bwawa lote. Hiyo ndiyo testimony yangu."

Mtu mmoja nyuma alianza kusema amen, akaimeza nusu. Mama Pastor aliangalia chupa ya mafuta mkononi mwake kana kwamba amepunjwa. Kutoka safu ya kina mama ulisikika mnong'ono, mtu mzima na mapaja nje, halafu midomo ikafyonzwa, mmoja baada ya mwingine. Watu hawa walikuwa tayari kulia naye mpaka kaburini, na Mumbi hakuwa na shaka kwamba wangelia kweli. Kufurahi naye ndiko kulikowashinda. Alirudisha kipaza sauti, akapita katikati ya viti, akaingia jikoni na kufungua bomba.

Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye sinki, akijisugua kwa sabuni ya vyombo, aliposikia mlango ukifunguliwa na kufungwa. Alijua ni Lydia kwa mwendo wake.

"Usianze na wewe," Mumbi alisema. "Nimesema ukweli."

"Kwa hivyo hakuna kitu kilipona," Lydia alisema.

"Hakukuwa na kitu cha kupona."

Lydia alikaa juu ya gunia la unga. Hakuwa na hasira, na ukosefu huo wa hasira ndio uliomfanya Mumbi ageuke, maji yakimchuruzika usoni.

"Mimi nilikuwa nakungoja," Lydia alisema. "Nilijiambia, Mumbi akisimama pale aseme amepona, basi hii barua naitupa." Alifungua mkoba akatoa bahasha ya hospitali, iliyokunjwa na kukunjuliwa hata karatasi ikalegea. "Ni ya pili. Ile ya kwanza sikuenda. Nilisema, kama Mungu amemfanyia yeye, nitaacha kisu na sindano, nitafunga pia. Uvimbe uko hapa, upande wa kushoto. Tangu Machi."

Ukumbini walikuwa wamepata wimbo mwingine na walikuwa wakiuimba kwa nguvu. Mumbi alimtazama rafiki yake wa miaka kumi na mitano, aliyekaa amejikunja kwenye gunia na mkono kifuani. Akalikumbuka neno lile lilivyokuwa jepesi kwenye ncha ya ulimi wake robo saa iliyopita. Akageukia sinki, akatapika.

Kisha alilisafisha sinki lote, pembe hadi pembe, akanawa kinywa, akakausha mikono, akaichukua ile barua asome ni siku gani na saa ngapi.