Mistari Aliyoinyoosha Bwana Pambizo

Zamani ukurasa ukitoka mikononi mwa mpiga chapa ulikuwa umekamilika. Siku hizi kila mwenye simu ni mwandishi, na hakuna anayejua pambizo ni kitu gani.

Hayo ndiyo yalikuwa malalamiko ya kila siku ya mzee wa duka la kuchapisha lililotazamana na lango la chuo. Wanafunzi walimbandika jina la Bwana Pambizo. Shule aliiacha darasa la nne. Mengine yote alijifundisha mwenyewe mbele ya taipureta, ambayo bado ilikaa kando ya kompyuta, imefunikwa kitambaa. Katika miaka arobaini hakuna ofisi iliyowahi kumrudishia karatasi.

Siku moja aliingia mpwa wake, binti wa marehemu dada yake, aliyekuwa ameajiriwa chuoni kwa majaribio ya mwaka mmoja kufundisha uandishi wa programu. Alileta kurasa kumi na mbili zilizoandikwa kwa mkono: somo ambalo wanafunzi walitakiwa kulisoma, kisha siku ya jaribio waingize mifano yake kwenye kompyuta kama ilivyo.

"Mjomba, usibadilishe kitu, tafadhali."

"Wewe! Nimeanza kazi hii mama yako bado anaruka kamba."

Maelezo yalimpendeza. Mifano ndiyo iliyomkera. Mstari mmoja ulianzia pambizoni, wa pili umesogea ndani, wa tatu ndani zaidi, kisha wa nne umerudi nje.

"Wasomi hawa!" akaguna. "Hata mstari unawashinda."

Akaivuta yote pambizoni, ikanyooka kama ukuta. Simu ilikuwa pale pale mezani. Hakuuliza.

Mpwa wake, kwa kumwamini, aligawa nakala bila kukagua. Siku ya jaribio kompyuta zote zilikataa. Kumbe zile nafasi hazikuwa uzembe. Ndizo zinazoieleza kompyuta mstari upi uko chini ya upi. Darasa zima likaambulia sifuri.

Mchana ule ule binti aliingia dukani kuchapisha upya, nyuma yake mkuu wa idara na wanafunzi wawili.

"Nani aliyeharibu hii?" mkuu aliuliza, akiinua nakala moja.

"Labda Bwana Pambizo kaipiga pasi mistari!" mwanafunzi mmoja akatania, wakacheka.

Binti aliziona kurasa zake za mkono mezani, nafasi zote zimo. Akamtazama mjomba wake. Mzee akainamia trei ya karatasi, akijifanya anaichomoa iliyokwama. Hapakuwa na iliyokwama.

"Ni mimi, mkuu," binti akasema. "Niliharakisha."

Mzee akaisukuma trei ndani.

Mwaka ulipoisha, binti hakuongezewa mkataba, kwa sababu ya jaribio lile. Mzee alikuwa amepiga chapa barua ya kukiri kwa mkuu, safi, haina kosa hata moja. Ilibaki kwenye droo.

Mara ya mwisho mzee kumwona ilikuwa pale langoni mwa chuo. Binti amekumbatia boksi la vitabu, wanafunzi wamemzunguka, kila mmoja na nakala yake ile ile, wamechora vishale vya kalamu kusukuma mistari ndani. Binti akavuka barabara hadi mlangoni mwa duka.

"Shikamoo, mjomba. Naondoka."

Kuitikia kulihitaji kuinua uso. Bwana Pambizo aliendelea kuifuta taipureta vumbi ambalo halikuwapo, na alipotazama, mlango ulikuwa mtupu.